Mjusi Kafiri na Jamaa Zake



Alhamisi iliyopita, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakitafuta viatu mlangoni. Alikuwa na swali aliloona haya kuliuliza mbele ya watu. Mwanawe wa miaka tisa ameingia vitani na mijusi. Kila usiku baada ya isha huzunguka nyumba nzima na ndara mkononi, na kila akiua mmoja huchora alama kwa mkaa kwenye ukuta wa ua. Mama hakuona ubaya hapo mwanzo, kwani ni nani ampendaye mjusi juu ya sufuria yake? Lakini juma lile mtoto alimpiga mawe kinyonga aliyekuwa juu ya mlimau wa jirani, akampasua jicho, kisha akamwacha akijikokota mchangani hadi magharibi. Alipoulizwa kwa nini amefanya vile, alijibu bila wasiwasi wowote: "Sheikh amesema ni thawabu."

Sheikh mwenyewe ni mimi.

Nilikumbuka vizuri siku hiyo. Nilikuwa nikiwasomesha watoto kisa cha Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, na moto aliotupwa ndani yake. Nikamtaja mjusi, nikataja ujira wa kumwua, kisha nikafunga kitabu kwa kuwa wakati wa sala ulikuwa umekaribia. Watoto walikwenda nyumbani na nusu ya somo, na aliyewapa nusu hiyo ni mwalimu wao. Kwa hivyo nimeona makala ya juma hili yawe nusu iliyobaki, na niongeze yale niliyojifunza kwa kusoma na kuuliza tangu mama yule aniache pale mlangoni, kwa sababu nimegundua kwamba nimeishi na viumbe hawa zaidi ya miaka hamsini bila kuwajua.

Tuanze na jina. Wazee wetu wa pwani waliwagawa mijusi wa nyumbani mafungu mawili. Yule wa usiku, mwenye ngozi laini iliyopauka, macho makubwa yasiyopepesa na vidole vipana vya kugandia ukutani, wakamwita mjusi kafiri. Yule wa mchana, mwenye magamba yanayong'aa kama aliyepakwa mafuta ya nazi na michirizi mgongoni, wakamwita mjusi islamu. Kwa hakika hakuna kati yao aliyetoa shahada wala aliyeikataa. Jina la kwanza linatokana na hadithi ambazo wazee hao walizisikia misikitini, na la pili, nadhani, lilizaliwa ili kumwokoa yule mwingine na ndara.

Hadithi zenyewe zipo na ni sahihi, wala sitaki mtu adhani nakuja kuzificha. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ummu Sharik, R.A., kwamba Mtume, S.A.W., aliamrisha kuuawa kwa wazagh, na katika riwaya ya Bukhari imetajwa kwamba mjusi huyo alikuwa akiupuliza moto wa Nabii Ibrahim. Muslim amepokea kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas kwamba Mtume alimwita kijifasiki. Bibi Aisha, R.A., naye katika Bukhari anasimulia kwamba alimsikia Mtume akimwita kwa jina hilo, ila yeye hakumsikia akiamrisha auawe. Na Ibn Majah anatuletea habari kwamba nyumbani kwa Bibi Aisha huyo huyo palikuwa na mkuki wa kuwaulia. Na imepokewa pia kutoka kwa Abu Huraira kwamba anayemwua kwa pigo la kwanza ana ujira mkubwa kuliko wa pigo la pili, na wa pili kuliko wa tatu.

Hiyo ndiyo nusu niliyoitoa. Nusu niliyoisahau ni hii. Imam Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hiyo, anaeleza kwamba wanavyuoni wamekubaliana kuwa wazagh ni katika wadudu waletao madhara. Basi neno limefungamana na madhara ndani ya makazi ya watu, halikuwa ruhusa ya mtoto kutafuta mchezo. Kuhusu ujira kupungua kwa kila pigo, baadhi yao wameona hekima yake ni ihsani: anayelazimika kuua na aue mara moja, asimtese kiumbe. Mtoto anayekata mkia kwanza ili autazame ukicheza sakafuni, kisha akapiga mara saba huku akihesabu, huyo ameingia mlango mwingine kabisa, ule wa makatazo ya kuwafanya viumbe hai kuwa shabaha.

Na jambo la pili ni kwamba wazagh ni mmoja. Kiarabu kina jina la kila mjusi: kinyonga ni hirbaa, kenge ni waral, na yule wa jangwani mwenye mkia wa miiba ni dhabb, ambaye Khalid bin Walid alimla mbele ya Mtume nyumbani kwa Bibi Maimuna, na Mtume mwenyewe hakumla wala hakumharamisha, akieleza tu kwamba hakuwa mnyama wa nchi ya watu wake. Hukumu ya mmoja haihamishiwi kwa mwingine kwa kuwa wote wana mkia. (Hapa nawaomba pia vijana wanaotuletea maneno kutoka Ghuba: dhabb anakula majani, kenge wa Mto Tana anakula mizoga. Asije mtu akamweka sufuriani huyu kwa hoja ya yule.)

Sasa tumtazame huyo mshitakiwa mkuu, anayeishi nasi chini ya dari moja.

Mjusi kafiri wetu wa kawaida ni mwenyeji wa Afrika, lakini jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1818 na Mfaransa aliyemkuta ng'ambo ya bahari, katika visiwa vya Karibi. Leo yuko Brazil na Florida pia, kwani alisafiri na shehena za meli bila kulipa nauli. Katika miji yetu ya bandari yuko na binamu yake wa Asia, naye kaja kwa meli, kama walivyokuja mababu wa wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Hutaga mayai mawili meupe, magumu, madogo kama punje za kunde, nyuma ya kabati au ndani ya ufa. Hana kope za kufumba. Jicho lake hulisafisha kwa ulimi. Na mkia anaouacha mkononi mwa adui humwota mwingine, ingawa huo wa pili hauna mifupa ndani, una gegedu tu.

Lililonishangaza zaidi ni miguu yake. Nilikuwa nikiamini, na nimewahi kuwaambia watoto, kwamba ana gundi au kwamba ananyonya ukuta kama pweza. Si hivyo. Mwaka 2000 jopo la wataalamu wa Marekani lilipima unywele mmoja wa mguu wa mjusi mkubwa wa Asia aitwaye tokay. Kila mguu wa mjusi huyo una vinyweleo karibu nusu milioni, na kila kinyweleo kimechanika nchani kuwa mamia ya ncha ndogo zaidi ambazo jicho haliwezi kuziona. Ncha hizo huukaribia ukuta mno hata chembe za mguu na chembe za ukuta zikavutana. Akitaka kung'oka, hukunja vidole kuanzia nchani. Hiyo ndiyo siri yote: hakuna gundi, hakuna kunyonya.

Anafanya nini hapo ukutani? Anakula. Akina mama mnamwona kila usiku pembeni mwa taa ya baraza. Hula nondo, kumbikumbi, nzi, mende wachanga, buibui, na mbu pia. Nimesoma watu wakiandika kwamba nyumba yenye mijusi haina haja ya chandarua. Hilo ni hatari, tafadhali msilifuate. Mbu wa malaria ni wengi kuliko matumbo ya mijusi wa mtaa mzima. Tena mbu wanaoeneza homa ya dengi na chikungunya, maradhi tuliyoyaona Lamu mwaka 2004 na Mombasa baadaye, huuma mchana, wakati mjusi kafiri amelala nyuma ya picha. Dawa ya hao ni kufunika mapipa na mitungi na kumwaga maji yaliyotuama. Mjusi anapunguza kadiri ya riziki yake. Kazi iliyobaki ni yetu.

Na madhara je? Yapo, wala hatuna haja ya kuyakuza. Mjusi hana sumu. Maji yaliyoangukiwa na mjusi hayamwui mtu kwa sumu yake, kwani hana. Lakini kinyesi chake, kile cheusi chenye ncha nyeupe, huweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo huharisha na kutapisha, na mtoto mchanga au mzee huweza kuzidiwa navyo. Hapa nakubaliana na bibi zetu walioweka kawa juu ya kila sahani. Kawa limeanza kupotea katika nyumba zetu na mahali pake tumeweka mkebe wa dawa ya kupuliza. Nimeingia majikoni ambamo dawa hiyo imepulizwa juu ya meza ya chakula ili kumfukuza mjusi, kisha watoto wakaandaliwa hapo hapo. Kati ya mjusi na dawa ile, mimi mwenyewe ningemchagua mjusi na kawa. Ukitaka aondoke jikoni, funika vyakula, futa makombo, ziba nyufa za dirisha, na uzime taa isiyo na kazi. Penye wadudu wachache hatakaa, kwani naye anatafuta tumbo.

Liko pia neno la mbalanga. Wapo wasemao mjusi akilamba chumvi, mwenye kuila chumvi hiyo hutoka mabaka meupe. Kauli hii ni ya kale sana, imo hata katika vitabu vya Waarabu vya wanyama, na kwa Kiarabu jina moja la mjusi huyu ni saam abras, lenye mzizi mmoja na baras. Lakini mabaka meupe hutokea pale chembe zinazotia ngozi rangi zinapokufa, na hayaambukizwi na mtu wala mnyama. Ukoma nao ni maradhi mengine, husababishwa na kijidudu alichokigundua daktari Hansen wa Norwe mwaka 1873. Nawajua wasichana waliochelewa kuolewa kwa sababu ya baka shingoni na maneno ya chumvi ya mjusi. Hiyo ni dhuluma ya watu, mjusi hana mkono ndani yake.

Mjusi islamu hana kesi, kwa hivyo nitampitia upesi. Hutoka jua likipanda, huota juu ya ukuta, na hula viwavi, panzi na mchwa wa uani. Yule mwenye michirizi hatagi mayai nje, huzaa watoto hai. Lakini ana ndugu mmoja ambaye wengi wetu hatujapata kumtambua. Ukienda Kilifi au Diani maji yakipwa, tazama miamba ya matumbawe iliyochongoka ufuoni. Utaona mjusi mwembamba, mweusi wa shaba, akikimbia kutoka tundu hadi tundu, akiwinda vidudu vya baharini vilivyoachwa na maji. Maji yakijaa hupanda juu, yakipwa hushuka tena, kama wavuvi wa kaa. Katika bara zima la Afrika jamaa yake hakai pengine ila kando ya bahari upande wa mashariki, na ndugu zake wa karibu wako Bukini, Indonesia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Wataalamu wanaamini wazazi wake walivuka bahari juu ya magogo na takataka zinazoelea. Sisi tunaojivunia majahazi tumetanguliwa na mjusi.

Nakuja kwa kinyonga, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Nina deni lake la zamani. Nilipokuwa na umri kama wa mtoto yule, wavulana wakubwa wa mtaani walimkamata kinyonga, wakamtia tumbaku kinywani ili wamwone "akilewa". Aligeuka mweusi, akatetemeka, akaanguka. Tulicheka sana. Mimi sikumtia tumbaku, ila nilikuwa nimemshika. Tumbaku ni sumu, na tulichokiita ulevi kilikuwa mauti.

Kinyonga wa pwani yetu, yule mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, hana sumu hata tone. Akitishwa hujaza pumzi, hufungua kinywa chekundu na kufoka, lakini yote hayo ni vitisho vya mnyonge asiyejua kukimbia. Macho yake kila moja huzunguka peke yake, na ulimi wake hufika mbali kupita urefu wa kiwiliwili. Hula panzi, nzi, viwavi na nondo, yaani wale wale wanaotuharibia mchicha na milimau. Jike hushuka mtini mara anapobeba mayai, huchimba shimo ardhini, hutaga mayai thelathini au arubaini, hulifukia na kuondoka. Mayai hukaa udongoni miezi mingi. Kwa hivyo kinyonga mnayemwona akivuka njia polepole, na mnayemwogopa kwa kuwa ni mkosi, aghalabu ni mama mjamzito anayetafuta mahali pa kujifungulia, na hapo ndipo anapokutana na matairi na mawe yetu.

Habari za kubadilika rangi kwake tunazitumia kama tusi kwa wanasiasa na wachumba. Habadiliki ili afanane na kila anachokanyaga, kama tunavyodhani. Hubadilika kwa joto na baridi, kwa hasira, kwa hofu, na kwa kuzungumza na kinyonga mwenziwe. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walichunguza kinyonga wa Madagaska, ile wazee waliyoiita Bukini, wakaona chini ya ngozi yake vijiwe vidogo mno vilivyopangwa safu safu. Ngozi ikilegea vijiwe vikikaribiana huakisi rangi ya samawati na kijani. Ikikazwa vikiachana huakisi manjano na nyekundu. Na liko jambo la kutupa fahari kidogo: mwaka 2006, wataalamu walipolitenga kundi moja la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na kulitafutia jina la kitaalamu, hawakwenda Ugiriki wala Roma. Waliliita Kinyongia, kwa lugha yetu hii. Mmoja wa kundi hilo anaishi hapo jirani zetu, katika misitu ya milima ya Taita. Vinyonga hawa wametungiwa sheria za biashara ya kimataifa, kwani wapo wageni wanaowanunua kwa siri. Kijana akija kuwaambia watoto wenu watafute vinyonga awape shilingi, mjue anawaingiza watoto katika kosa la jinai.

Kenge naye ana kesi nyingine, na hapa malalamiko ya akina mama ni ya haki. Hula mayai ya kuku na vifaranga. Wengi hufunga banda usiku wakidhani wamemaliza, hali kenge ni mtembezi wa mchana. Banda na liinuliwe juu ya ardhi, lizungushiwe waya wa matundu madogo, na mayai yaokotwe asubuhi mapema. Akikamatwa msimkabili kwa mikono, kwani mkia wake huchapa kama kiboko na meno yake huchana vibaya.

Lakini tazameni na upande wake wa pili. Kenge wa majini, anayeweza kupita urefu wa mtu mzima, huishi kwenye mito na mikokoni, na hula kaa, konokono, panya, vyura na samaki waliokufa. Mzoga ambao ungeoza kisimani au kando ya kijito yeye huuondoa. Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo, na sisi tunaitumia methali hiyo kwa watu waliojipenyeza. Huenda wahenga waliona zaidi ya hilo, maana kenge hufukua mayai ya mamba na kuyala. Kando ya mto wenye mamba ambako akina mama huteka maji, kila yai aliloliwahi kenge ni mamba asiyezaliwa. Hufukua na ya kasa pia, na hilo halitupendezi, ila ndivyo mizani ilivyowekwa kabla yetu.

Uzazi wake ni wa ajabu. Mvua ikilainisha udongo, jike hupasua kichuguu cha mchwa, hutaga humo mayai yanayoweza kufika sitini, kisha huenda zake. Mchwa wenyewe huja kuziba pengo, na mayai hubaki ndani ya nyumba yenye joto na unyevu usiobadilika, wakilindwa na wenyeji wasiojua wanalea nini. Miezi mingi baadaye, mvua nyingine ikija, watoto hutoka. Vunjeni vichuguu vyote vya shamba na mtakuwa mmevunja na hodhi za uzazi za kenge.

Je, mijusi wakiondoka wote, nini kitatokea? Swali hili halihitaji kukisia sana. Katika visiwa vidogo vya Bahamas watafiti waliwaondoa mijusi katika sehemu walizozizungushia uzio, wakawaacha katika nyingine. Palipokosa mijusi buibui walizidi, na majani yakaliwa zaidi na wadudu. Huko Morisi kuna mjusi wa kijani wa mchana anayelamba utamu wa maua ya mmea mmoja wa nadra wa milimani, na kwa kulamba huko hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Tena huyohuyo ndiye anayekula tunda lake na kusambaza mbegu. Mmea huo unamtegemea. Ndugu wa mjusi huyo, wa kijani vilevile, yuko Pemba, na hapatikani pengine duniani kwa asili yake. Wenye jamaa Wete na Chake wakamtazame kwenye migomba. Upande wetu, katika misitu iliyobaki ya pwani kama Arabuko-Sokoke, kuna mjusi wa kijani kibichi mwenye mkia mrefu anaoutumia kushikia matawi kama mkono wa tano. Huyo hana ukuta wa nyumba wa kukimbilia. Miti ikienda naye anakwenda.

Na mijusi nao huliwa, hilo tusilisahau. Mdiria, hondohondo, mwewe, nguchiro na nyoka wengi wanaishi kwa nyama yao. Mama mmoja aliwahi kuniambia kwamba penye mijusi nyoka hufuata. Ni kweli, nyoka wengine hufuata mijusi, na wengi zaidi hufuata panya. Rundo la mawe na mbao kuukuu nyuma ya choo huwakaribisha zaidi kuliko mjusi wa darini.

Kinachowatisha viumbe hawa leo kuliko ndara ni joto. Mjusi hana joto lake mwenyewe, hulichukua juani, na likizidi hukimbilia kivulini. Saa anazokaa kivulini hawindi. Wa nchi za joto kama zetu tayari wako karibu na mwisho wa uwezo wao. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulirudi katika maeneo 200 ya Meksiko yaliyojulikana kuwa na mijusi tangu 1975, ukakuta asilimia 12 ya jamii hizo zimetoweka, na ukakadiria kwamba kufikia mwaka 2080 jinsi moja kati ya kila tano ya mijusi duniani huenda ikawa imekwisha. Mwaka 2022 uchunguzi wa aina zaidi ya elfu kumi za wanyama watambaao ulionyesha kwamba asilimia 21 wamo hatarini. Nami nikiuangalia mtaa wetu, naona tulivyokata mwarobaini na mkwaju, tukatandaza kabro kutoka ukuta hadi ukuta kwa kuwa majani yanachafua ua. Kisha tunalalamika kwamba nyumba ina moto na mbu wamezidi.

Jumamosi nilikwenda madrasa, nikafungua mlango ule ule wa kitabu nilioufunga upesi. Niliwaambia watoto kwamba mwalimu wao aliwasomesha pungufu. Tukasoma riwaya zote, ya Ummu Sharik na ya Bibi Aisha, tukasoma na makatazo ya kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha. Nikawauliza hirbaa ni nani, hakuna aliyejua. Sasa wanajua.

Yule mwenye ndara alikuwa safu ya nyuma. Hakusema kitu hadi wenzake walipotoka, kisha akaja akasimama karibu na mkeka wangu. Aliniuliza kama kinyonga mwenye jicho moja anaweza kuishi. Nilimwambia ukweli, kwamba itakuwa vigumu kwake. Akatulia. Halafu akauliza: "Na zile alama zangu ukutani, Sheikh?"

Nilimpa pesa za chokaa.